Kahawa ya Baba kwa Mkono wa Zuhura

Ukitaka kuniona nimenuna, sifu kahawa ya mtu mwingine mbele yangu. Nimestaafu, magoti yananisumbua, meno mengine nimeyaacha njiani, lakini wivu wangu bado uko na nguvu za ujana. Juzi nilikuwa Mlolongo kwa mpwa wangu Mumbua, kwenye yale maghorofa ambayo lori likipita vikombe vinatetemeka kabatini. Akaniambia, "Auntie, kaa hapo, leo nakutengenezea kahawa ya ukweli." Akatoa plunja mpya, lile jagi la kioo lenye fimbo na chujio la kusukuma mpaka chini. Akatia kahawa iliyosagwa laini kama unga wa uji, akamwagia maji yanayotokota, akasukuma hapo hapo. Marafiki zake wakanywa, wakasema, "Wueh, Mumbua, hii imeweza!"

Imeweza nini? Nilinyamaza kwa sababu nyumba si yangu, lakini nilirudi Machakos nimefura. Basi nyinyi vijana mnaonunua plunja siku hizi na kuiweka juu ya friji ionekane na wageni, hebu nisikilizeni. Kazi hii niliifanya mimi. Na niliifunzwa na mtu ambaye mpaka leo nikisikia jina lake mdomo unanikauka.

Nilikuwa mhudumu katika gesti moja hapo Machakos, kwenye mteremko wa kupanda milimani. Niliingia miaka ya tisini ikianza, nikatoka magoti yalipokataa ngazi. Nilipoingia nilijiona mwenye kahawa kuliko watu wote jikoni, maana mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa. Kwetu ni mlimani, na baba yangu alikuwa na miche aliyoipenda mpaka Mama akawa anamtania kwamba angeoa mti. Tulichuma, tukachambua mbivu na mbichi, tukabeba magunia mgongoni hadi kiwandani. Kisha tukarudi nyumbani, tukanywa chai.

Ndiyo, chai. Msicheke. Hakuna mtu aliyetukataza kahawa, haikutujia tu akilini. Kahawa ilikuwa ya kwenda, chai ndiyo ya kunywa. Baba alizeeka kwenye shamba hilo bila kujua kile alicholima kina ladha gani.

Sasa, meneja wetu Bwana Kyalo aliona wageni wa mikutano wanaikataa kahawa ya mkebe, akaleta plunja. Akaniwekea mezani akasema, "Ndunge, wewe ni wa kahawa, hii ni yako." Nilivimba kichwa. Nikafanya vile mwanamke yeyote wa Ukambani aliyelelewa vizuri angefanya: nikachemsha maziwa, maji na kahawa pamoja mpaka ikafura, nikaishusha, nikairudisha ikafura tena, nikamimina yote kwenye kile kioo. Halafu nikaona mgeni amechelewa kutoka chumbani. Utampa mgeni kitu kilichopoa? Kwetu hiyo ni kumtusi. Nikaikalisha plunja juu ya makaa.

Ilipasuka paa! Maziwa yakazima jiko, moshi ukajaa, Bwana Kyalo akaja mbio. "Ndunge! Hii si sufuria!"

"Sasa ningejuaje? Haina hata mkono wa maana!"

Akaleta nyingine. Hii nayo nikaisagia kahawa laini kabisa, nikidhani laini ndiyo heshima. Chujio likaziba. Nikasukuma, likakataa. Nikapanda kwenye kigoda nikailalia na uzito wangu wote, na hapo nilikuwa mnene kuliko mnavyoniona. Ikaruka mpaka kwenye dari. Doa lile lilikaa hapo juu miaka yote ya kazi yangu, na kila mpishi mpya alionyeshwa.

Ndipo akaja Zuhura.

Alikuwa wa familia ya Kiislamu ya mjini, nyuma ya soko, ambayo babu yao alitoka pwani zamani akafungua duka. Msichana mwembamba, sauti ya chini, leso yake haikuwahi kuwa na doa. Siku ya kwanza aliniuliza, "Dada Ndunge, eti kahawa inachimbwa kama njugu?" Haki, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Hajawahi kuona mti wa kahawa! Nikajiambia huyu hana shida, tutaishi vizuri.

Lakini kumbe kwao kahawa walikuwa wanainywa tangu wachanga, chungu, kwenye vikombe vidogo. Asubuhi ya pili Bwana Kyalo akamwambia ajaribu plunja. Mzee mmoja wa mkutano alikunywa, akaweka kikombe chini, akageuka kwenye kiti akauliza, "Leo ni nani ametengeneza hii?"

Mimi nilikuwa pale nimeshika sahani ya mayai. Nilitamani kummwagia yule mzee kichwani.

Tangu siku hiyo ikawa Zuhura, Zuhura, Zuhura. Wageni wakirudi baada ya miezi wanauliza kama yule msichana bado yuko. Mimi niliyebeba magunia ya kahawa mgongoni hadi ngozi ikachubuka, nikawa wa mayai. Wivu uliniingia mwilini kama homa. Nikisikia vikombe vinagongana nilijua ni vyake. Nilihesabiwa mwenye kijicho, nikaitwa Mama Kununa, na sikujali.

Nikaamua kumchunguza. Na hapa ndipo mtakapopata faida, kwa hivyo muache simu zenu.

Kwanza, maji. Maji ya bomba ya pale yalikuwa na chumvi, yale ambayo sabuni inakataa kutoa povu. Zuhura hakuyagusa. Alikuwa anateka kwenye tangi la mvua. Ukiwa na maji ya chumvi, hata uwe na kahawa gani, utakunywa chumvi. Pili, alisaga kwa ile mashine ya mkono, wakati huo huo wa kutengeneza, si jana yake. Na hakusaga laini. Ukiishika kati ya vidole iwe kama mchanga wa mtoni, ule wa kujengea, uusikie. Tatu, aliisuuza plunja na maji moto ili kioo kisiwe baridi. Nne, maji yakichemka aliyashusha, akayaacha yatulie mpaka ile kelele iishe. Hiyo ilinichoma moyo. Miaka yote nilifunzwa kwamba moto ndiyo mapenzi.

Kisha alitia maji kidogo tu, ya kulowesha. Kahawa ikiwa nzuri inavimba hapo, inapanda kama unga wa mandazi. Akamalizia maji, akakoroga juu kwa mwiko wa mbao, akatoa povu na kijiko, akafunika bila kusukuma. Mwisho alisukuma taratibu, vile mtu anafunga mlango wa chumba ambamo mtoto amelala. Na haikukaa kwenye plunja hata kidogo. Yote aliimimina kwenye chupa ya chai, kwa sababu ikikaa na machicha yake inaendelea kuwa chungu.

Nilifanya hivyo vyote. Vyote! Mpaka leso nikafunga kama yeye. Na bado yangu ilikuwa leo nyepesi, kesho chungu, keshokutwa haieleweki. Yake ilikuwa ile ile kila siku ya Mungu.

Kuna kitu kimoja tu ambacho sikufanya. Wakati amefunika, kabla ya kusukuma, Zuhura aliimba. Kasida, kwa sauti ya chini, anaangalia dirishani. Wenzetu wa jikoni walikuwa wananong'ona, "Anaisomea hiyo kahawa." Mimi mama wa kwaya, niliogopa hata kusimama karibu. Nilikuwa nasogea kwenye masufuria mpaka amalize.

Sasa niwaambie kilichoniumiza zaidi ya yote.

Baba alikuwa na mazoea ya kupita gesti akija mjini. Nikapanga jambo. Nilitaka Baba anywe kahawa yake mwenyewe, iliyotoka kwenye miti yake, kwa mkono wangu. Niliomba nyumbani kahawa kidogo iliyobaki, nikaitwanga kwenye kinu kutoa maganda, nikaipepeta, nikaikaanga mwenyewe kwenye karai hadi nyumba ikanukia. Nikaiweka jikoni kwenye kopo, nikangoja. Usiku nilikuwa najizoesha maneno: "Baba, hii ndiyo yako."

Akaja, asubuhi ya Jumatatu, na kofia yake mkononi. Nikamkalisha kwenye benchi la jikoni. Naweka maji tu, Bwana Kyalo akachungulia: "Ndunge, dining, haraka! Basi zima la walimu limefika!" Nikakimbia. Walimu wanakula, jamani. Mkate, uji, mayai, chai, mkate tena. Niliporudi, jasho linanitiririka, nilimkuta Baba ameketi, kikombe mkononi, na Zuhura amechuchumaa mbele yake kama binti yake wa kumzaa.

Baba alikuwa ananusa. Akanywa. Akafumba macho. Akanywa tena.

"Hii ni nini?" akauliza kwa Kiswahili chake cha mlimani.

"Ni yako, Baba," Zuhura akamwambia. "Hii ndiyo kahawa yako. Dada Ndunge ameikaanga."

Baba akaangalia ndani ya kikombe muda mrefu. "Kumbe hii ndiyo tumekuwa tukiipeleka," akasema. Sikuwahi kumwona Baba hivyo, hata siku ya mazishi ya ndugu yake. Kisha akamwekea Zuhura mkono kichwani: "Asante, mwanangu."

Maneno yangu! Zuhura aliyasema maneno yangu, kwenye kahawa yangu, mbele ya baba yangu. Na ubaya ni kwamba hakuwa na ubaya. Aliona mzee anangoja, maji yanachemka, akasaidia. Ningekuwa na mtu wa kugombana naye ningepona haraka. Nilitoka nje nikaosha ile sufuria moja mpaka ikatoa mwangaza.

Toka hapo kila nikienda nyumbani, salamu ya kwanza ya Baba: "Zuhura hajambo?" Hajauliza watoto wangu. Hajauliza mguu wangu. "Msalimie sana yule msichana." Nikamtengenezea kahawa kwa sufuria na chujio la chai, maana plunja ilikuwa ya kazini. Alikunywa yote, kwa adabu, na kila mara alisema neno lile lile.

"Iko moto."

Mnajua mzee wa Kikamba akikwambia chakula chako kiko moto ni nini. Ni kwamba ametafuta kitu kingine cha kusifu amekosa. Nilitaka neno lingine moja tu kutoka kwa Baba, na sikulipata miaka na miaka.

Halafu siku moja ya baridi ya Julai, Zuhura akaja hana sauti. Imekauka kabisa, anaongea kwa mikono. Akatengeneza kahawa vile vile, maji ya mvua, mchanga wa mtoni, akafunika, akasimama dirishani. Akatazama plunja. Akatazama dirisha. Akasukuma, akaonja, akakunja uso.

Ilirudishwa. Kahawa ya Zuhura ilirudishwa! Mgeni alisema ni kama maji ya kuoshea kikombe. Sitawaficha, nilicheza ndani ya tumbo. Niliimba nikipeleka mayai. Na nikiwa katikati ya raha hiyo ndipo nikashtuka, nikasimama katikati ya dining na sahani mkononi.

Ile kasida ilikuwa saa yake! Hakuwa anaisomea kahawa chochote. Wimbo ukiisha, kahawa imeiva, anasukuma. Baadaye aliniambia ndivyo mama yake alivyokuwa akifanya, na nyanya yake, katika nyumba isiyokuwa na saa ukutani. Bila sauti, hakujua asukume lini.

Basi kesho yake nikasema na mimi nitaimba. Lakini ya kwetu, ya kanisani. Nikachagua wimbo ninaoupenda, nikafunika plunja, nikaanza. Aiya! Mnajua nyimbo zetu. Beti zikiisha kuna kiitikio, kiitikio kinarudiwa, halafu mtu anaanza kupiga makofi, na ukishapiga makofi huwezi kuacha katikati, hiyo si ibada. Nilipofika mwisho, kahawa ilikuwa chungu kama muarobaini. Nikajaribu wimbo mwingine. Ukaniingia, nikalia kidogo, nikarudia ubeti wa mwisho. Muarobaini tena. Zuhura alinitazama siku hiyo, sauti bado haijarudi, akaweka mkono mdomoni. Alikuwa anacheka.

Baadaye aliolewa akaenda Mombasa. Tulimfanyia sherehe jikoni, nikamkumbatia, nikasema nitamkosa, na nusu ilikuwa kweli. Wiki ile ile wageni wakaanza, "Yule msichana ameenda wapi?" Nikavumilia. Nikavumilia. Mwisho, siku ambayo nilikuwa peke yangu jikoni, nikaimba ile kasida yake. Maneno sikuyajua, niliguna tu sauti yake, maana nilikuwa nimeisikia miaka yote hata nikilala inanifuata. Nikasukuma ilipoisha.

Ilikuwa kamili. Nilikaa kwenye benchi nikainywa yote, nikiwa nimekasirika.

Kwa hivyo mnaponiuliza siri, siri ni hiyo: tafuta wimbo wa urefu ule. Mrefu kiasi cha kumenya viazi vya mtu mmoja, si cha familia. Usichague unaoupenda sana. Na uimbe ule ule kila siku.

Siku ya kustaafu Bwana Kyalo alinipa plunja. Niliibeba mapajani mpaka nyumbani. Baba alikuwa mzee sana, macho yamemwacha, anatambua mtu kwa sauti na hatua. Watu wengi mlimani walikuwa wameng'oa kahawa, lakini yeye alibakisha miti michache karibu na mlango, anaigusa akipita. Nikachuma, nikaanika, nikatwanga, nikakaanga. Nikateka maji ya mvua. Nikajiambia, Ndunge, leo hakuna basi la walimu.

Nilimwacha Baba nje kwenye jua. Nikafunika plunja, na kwa sababu sikutaka kukosea hata kidogo, nikaguna kasida ya Zuhura mpaka mwisho. Nikasukuma taratibu. Nikamimina, nikampelekea, nikamwekea kikombe mikononi bila kusema neno. Nikarudi mlangoni nikasimama nisikie.

Akanusa. Akanywa. Akanywa tena. Kisha akainua uso kuelekea jikoni, ana furaha ambayo sikuwahi kuiona kwenye uso ule tangu ile Jumatatu, akaita kwa nguvu:

"Zuhura! Asante, mwanangu!"

Jamani. Nilishika mlango. Mpaka leo sijui kama ni ile kasida aliyoitambua au ni ile kahawa, na sijawahi kuuliza, kwa sababu majibu yote mawili yataniua.

"Zuhura yuko Mombasa!" nikamwambia, na sikusema kwa upole. "Zuhura ana watoto wake huko! Huyu ni mimi. Ni Ndunge. Nimechuma mimi, nimetwanga mimi, nimekaanga mimi, na hiyo umeshika nimeitengeneza mimi!"

Baba akageuza kichwa. Akaitafuta sauti yangu.

"Ndunge," akasema.

"Ndiyo."

"Na mbona unaimba wimbo wa wenyewe? Wewe si uko na wako?"

Akamaliza kikombe, akaninyooshea. "Ongeza," akasema. Baba hakuwahi kuomba kikombe cha pili kwa mtu, hata kwa Zuhura. "Na uimbe wetu, niusikie."

Nikarudi jikoni. Nikasaga, nikamwaga maji, nikafunika, nikaanza wimbo wetu wa kanisani. Kwenye kiitikio nikasikia Baba anaitikia kule nje, sauti imepasuka lakini bado iko mahali pake. Tukarudia. Akaanza kupiga makofi kwenye goti. Tukarudia tena, na mimi nikatoka mlangoni nikiimba, nikaketi chini karibu na miguu yake, tukaenda mpaka beti zikaisha, tukaanza za mwanzo. Jua lilikuwa limehama kabisa kwenye kiti chake nilipokumbuka plunja.

Nilisukuma nikijua. Ilitoka nyeusi, nzito, imepoa, na hata harufu yake ilikuwa chungu. Nilitaka kuimwaga, lakini alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Akanywa. Nikaona uso umekunjamana wote. Akanywa tena, akanywa mpaka chini, akapangusa mdomo na kiganja, akanirudishia kikombe ambacho kilikuwa baridi mkononi mwangu.

"Iko moto," akasema.